Mazungumzo ya Fundi: Mti Mkavu na Tezo Kali

Kitako cha bunduki huko Ulaya huchongwa kwa mjozi uliokaushwa miaka kadhaa, kwani mti mbichi hujipinda, na risasi hukosa shabaha. Jambo hilo lamhusu pia fundi wa Zombe achongaye mpini au kigoda. Mbao za mukau zipangwe kivulini juu ya vijiti, upepo upite, na ncha zipakwe nta zisipasuke. Tezo hutangulia, kisha patasi, tupa na msasa. Tezo butu, ndugu msomaji, huteleza ikaujia mguu! Mukau hauliwi upesi na mchwa, tena hukomaa kwa miaka 10 hadi 15. Mpingo hungojewa zaidi ya 50. Taabu ni kuotesha: kokwa yake ngumu sharti ivunjwe taratibu, mbegu isiumie.