Herufi Nene za Mviringo

Wapo watu waaminio kuwa herufi ni vazi la neno, na kwamba vazi likipendeza kazi imekwisha. Hao ndio wazienezao herufi nene za mviringo katika mabango na matangazo, toka miji mikuu hata Kibiti na Nyamisati, ambako abiria wa Mafia hungoja chombo. Imani yao yastahili kupingwa.

Asili ya herufi hizo si siri. Mwaka 1925 Herbert Bayer wa Bauhaus, Ujerumani, alianza kubuni alfabeti ya bikari na rula. Mwaka 1927 ikatoka Futura ya Paul Renner, ambayo a yake ndogo ni duara lililoegemezwa kijiti. Mwaka 1979 Volkswagen ikapata chapa yake yenye ncha zilizoviringwa kama vidole. Ustadi wao haukanushwi. Ila lugha waliyoikusudia si Kiswahili.

Katika Kiswahili a ndiyo herufi itumikayo kuliko zote. Ifanye duara na kijiti, inenepeshe hata tundu lake likaribie kuziba, kisha lisimamishe bango mbali, juani: kijiti humezwa, likabaki duara. Hapo "bara" huwa "bora", "taka" huwa "toka", na "kama" huwa "koma". Msomaji hodari atakisia kwa maana ya sentensi. Lakini ilani ya hatari haichagui msomaji. Mto Rufiji huvuka kingo zake, kama ulivyofanya Aprili 2024 ukafunika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti. Ilani ya siku kama hizo husomwa kwa haraka, na mzee aliyejifunza kusoma ukubwani, na mtoto aliyetumwa na mamaye.

La kushangaza zaidi ni hili. Kiswahili kiliandikwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu. Waliozishutumu walisema hazitengi e na i, wala o na u. Herufi za Kirumi zikasifiwa kwa kuipa kila irabu sura yake. Leo sifa hiyo yatupwa kwa ajili ya urembo, na wenye kuitupa hujiita watu wa maendeleo!

Watetezi hudai kuwa herufi hizo huonekana mbali. Ni kweli kwa jina la mashua liandikwalo ubavuni kwa herufi kubwa: A na O hazifanani, na neno moja halimchoshi mtu. Huko zipambe. (Neno Kibiti lenyewe halina haja nazo: ni vijiti vitupu, na tumbo moja la b.) Hudai tena kuwa mtoto hufundishwa a ya duara shuleni. Naam, lakini kwa kalamu nyembamba, juu ya daftari lililo mbele ya macho yake.

Kwa ilani ya zahanati na ratiba ya vyombo vya Salale na Mbwera iko a nyingine, yenye paa juu ya tumbo, iliyotumika vitabuni tangu Italia ya karne ya 15. Imo katika kompyuta ya kila duka la chapa, wala haiongezi gharama hata senti moja.