Mtoto Njiti Aachwe Alale

Sisi wakazi wa Mnazi Mmoja tumezoea kelele. Honi za daladala na spika za wachuuzi wa Kariakoo hazituzuii kula wala kulala. Lakini tunapokwenda Muhimbili, mwendo mfupi tu kutoka hapa, kumjulia hali mzazi aliyejifungua mtoto njiti, kelele hizo tuziache getini.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati alipaswa kuwa bado tumboni, kwenye giza na utulivu, akilala karibu siku nzima. Kwake usingizi ndiyo kazi. Anapolala ubongo hujengeka, na maziwa machache anayopata humsaidia kuongeza uzito. Akishtushwa, mapigo ya moyo hubadilika na oksijeni katika damu yaweza kupungua. Kwa mtoto wa kilo moja hilo si jambo dogo.

Wapo watakaosema kuwa wodi zenye upungufu wa wauguzi na mashine zina shida kubwa kuliko usingizi. Tunajibu kwamba utulivu haununuliwi kwa fedha za kigeni. Mwaka 1997 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri kelele katika wodi hizo isizidi desibeli 45, yaani chini ya mazungumzo ya kawaida. Kupima joto, kubadilisha nepi na kulisha kufanyike kwa mkupuo mmoja. Taa zipunguzwe usiku na simu zinyamazishwe. Kengele ya mashine isizimwe ovyo, bali iitikiwe upesi.

Kitanda bora kuliko vyote ni kifua cha mama. Huduma ya kangaruu, iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, humweka mtoto ngozi kwa ngozi na mama yake, naye hulala kwa utulivu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kutoka nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kuwa kati ya watoto wadogo walioanza huduma hiyo mara baada ya kuzaliwa, walifariki 12 katika kila 100. Kati ya waliosubiri kwanza hali zao zitulie, walifariki karibu 16. Hivyo mama asihesabiwe kuwa mgeni wodini.

Nasi wanajumuiya tuna wajibu wetu. Tusijazane korido, wala tusidai mtoto afunuliwe tumwone. Tumpelekee mama uji, tumfulie khanga, tusali kimoyomoyo. Mungu husikia hata sala isiyo na sauti.