Kabla ya ‘kausha damu’, pita kwanza ofisi ya kata

Mkopo wa ‘kausha damu’ haukupewa jina hilo bure. Mama anayeuza chapati Mbagala anapewa fedha asubuhi bila maswali mengi, kisha anadaiwa rejesho kila siku au kila wiki, awe ameuza au hajauza. Mvua ikinyesha wateja wakapotea, rejesho liko palepale. Wengi hukopa kwingine ili walipe deni la kwanza, na mara nyingi familia haijui chochote hadi wakopeshaji wanapokuja kubeba televisheni na friji.

Madhara hayaishii mfukoni. Mtu anayeishi na hofu kwa muda mrefu, mwili wake hutoa kwa wingi homoni zinazoongeza mapigo ya moyo na kupandisha shinikizo la damu. Usingizi hukatika, hasira huwa karibu, na wanaoipokea ni watoto. Mwenye shinikizo la damu au kisukari yuko hatarini zaidi, hasa anapoanza kuruka dawa ili apate fedha ya rejesho.

Kwa mjasiriamali wa Temeke, Kinondoni na kwingineko Dar es Salaam, zipo njia nyingine.

Ya kwanza ni mkopo wa halmashauri. Kwa mujibu wa sheria, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Ilisitishwa Aprili 2023 kutokana na kasoro za usimamizi, ikarejeshwa mwaka 2024. Wa kumuona ni ofisa maendeleo ya jamii wa kata, anayeeleza pia namna ya kusajili kikundi.

Ya pili ni kikoba. Wanachama hununua hisa, hukopeshana na hugawana faida. Faida yake si fedha pekee. Mwanachama akiuguliwa au kufiwa, wenzake hufika. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka vikundi hivi visajiliwe, hivyo uliza cheti na katiba kabla ya kutoa mchango.

Ya tatu ni SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973, linalofundisha usindikaji wa vyakula, utengenezaji wa sabuni, vifungashio na utunzaji wa hesabu. Kwa wanaotafuta umoja wa kuwasemea, VIBINDO imekuwa ikiunganisha vikundi vya wafanyabiashara wadogo jijini tangu miaka ya 1990.

Ukilazimika kukopa kwenye kampuni, hakikisha ina leseni ya Benki Kuu. Ukomo wa riba uliowekwa kwa kampuni hizo ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Usisaini mkataba usiousoma, na usiache kadi ya benki wala namba ya siri kama dhamana.

Aliyekwishaingia kwenye deni asijifiche. Amweleze mwenza wake kiasi kamili, waorodheshe wanaodai, kisha waombe kupangiwa upya marejesho. Kichwa kikiuma mara kwa mara, moyo ukienda mbio au usingizi ukikosekana kwa wiki mbili, aende zahanati kupima shinikizo la damu. Kipimo kikifika 140/90 au zaidi, asisubiri deni liishe ndipo aanze matibabu.