Aldabra: wageni walale melini

MAJI NA MWAMBAO
Na Rukia Mbarouk

Kobe wakubwa wanaowavuta wageni kisiwani Changuu, mbele ya mji wa Unguja, ukoo wao ni wa Aldabra. Waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Huko kwao Aldabra wapo zaidi ya laki moja. Aldabra ni mali ya Shelisheli, lakini iko karibu zaidi na Mtwara kuliko Mahé, kisiwa kikuu cha nchi hiyo, kilicho umbali wa zaidi ya kilomita 1,000. Aldabra haina uwanja wa ndege wala hoteli. Kuna kituo cha watafiti kisiwani Picard, basi. Mtalii hufika kwa meli ndogo, hulala humo humo, na hushuka kwa boti ya mpira akiongozana na wahifadhi. Naamini utaratibu huu, pamoja na kasoro zake, ndio unaozifaa hifadhi za namna hii, na kwamba hoteli ya kifahari inayojengwa Assomption, kisiwa kilicho chini ya kilomita 30 kutoka hapo, inaelekea upande usiofaa.

Tazama jinsi Aldabra yenyewe ilivyo. Ni visiwa vinne vikubwa vilivyozunguka ziwa la maji ya chumvi, na bahari huingia na kutoka kwa milango michache tu. Maji yakijaa, samaki, papa wachanga na kasa huingia nayo hadi mikokoni. Yakipwa, mkondo hutoka kwa kasi kubwa, na miamba iliyoliwa chini hubaki imesimama kama uyoga mahali ambapo saa chache kabla boti ilikuwa ikielea. Nahodha asiyezijua saa za maji atakwama humo. Mgeni wa meli hana budi kufuata saa za maji, aone anachoruhusiwa kuona, kisha aondoke, na nyuma yake hakibaki msingi wa saruji wala shimo la maji taka. Hoteli haiondoki. Inataka maji baridi kila siku, na inataka taa usiku, hali vifaranga vya kasa hupotea njia wanapoona mwanga wa nchi kavu badala ya bahari. Inataka shehena mwezi baada ya mwezi, na katika shehena ndimo wanamojificha panya, sisimizi na mbegu za magugu. Aldabra inalijua hilo kwa uchungu: mbuzi walioachwa huko na mabaharia na walowezi wa zamani walishindana na kobe kwa majani na kivuli, na kazi ya kuwamaliza ilikamilika mwaka 2012 tu. Huko yupo pia ndege wa mwisho asiyeruka katika Bahari ya Hindi nzima. Ndege wa namna hiyo akipata adui mpya, hana pa kukimbilia.

Wapo watakaosema kwamba meli nazo huchafua. Ni kweli. Zinachoma mafuta, na mwaka 2020 Mauritius iliona meli ya Wakashio ilivyopanda mwamba na kumwaga mafuta yaliyofika hadi kwenye mikoko. Lakini ile ilikuwa meli kubwa ya mizigo, ikipita njia yake. Meli ndogo ya watalii hubeba mafuta machache zaidi, na mwenye hifadhi anaweza kuikatalia kibali. Tukumbuke pia uchafu mwingi wa Aldabra unatoka wapi. Mwaka 2019 watu wa kujitolea waliondoa tani 25 za taka za plastiki kwenye fukwe zake, na watafiti wakakadiria kwamba zilizobaki zinazidi tani 500. Kwa uzito, sehemu kubwa ni nyavu na kamba za uvuvi. Kwa idadi, kandambili ni nyingi ajabu, zimeletwa na mikondo kutoka nchi za mbali.

Pingamizi zito zaidi ni la haki: safari hizi ni za matajiri, na mtoto wa kisiwa cha Praslin huenda asiione Aldabra maisha yake yote. Sina jibu jepesi hapa. Ila hoteli ya kifahari haimsaidii mtoto huyo hata kidogo, na ada za wageni wa meli zinaweza kumsaidia. Taasisi ya Visiwa vya Shelisheli, inayosimamia Aldabra, kwa miaka mingi imeitunza kwa pesa za tiketi za Vallée de Mai, msitu wa minazi ya coco de mer huko Praslin. Uharamia wa Somalia ulipozitisha meli, na janga la korona lilipofunga mipaka mwaka 2020, ilionekana jinsi mfuko huo ulivyo mwembamba. Ada ya meli ipandishwe, na sehemu yake ilipie vijana wa Shelisheli kwenda kufanya kazi na kujifunza huko.

Kuhusu Assomption, serikali ya Shelisheli ingali na nafasi ya kuweka sharti moja lililo wazi: mgeni wa hoteli atakayetaka kuvuka kwenda Aldabra ahesabiwe sawasawa na mgeni wa meli. Awe na kibali, viatu vyake vikaguliwe, aongozane na mhifadhi, na idadi ya siku hiyo ikitimia, arudishwe.