Raketi ya mbao si pambo la ukutani

Najua nimepotea wiki tatu nzima. Mitihani ya katikati ya muhula ilinibana, na wikiendi ni kubeba boksi kama kawaida, si mnajua tena maisha ya ughaibuni. Leo nimepata upenyo, na kuna jambo linanikera rohoni tangu Jumamosi moja mwezi uliopita. Jambo lenyewe ni raketi. Ndiyo, raketi za tenisi. Msicheke kwanza.

Wanaonifahamu wanaujua ugonjwa wangu. Hapa Ohio ninakosoma kuna maduka ya mitumba kila kona: Goodwill, Salvation Army, na vile viduka vya makanisa vinavyoendeshwa na akina bibi. Mwaka wa kwanza niliingia kutafuta koti la baridi. Nikatoka na koti la dola 8 na raketi ya mbao ya dola 3. Koti limeshachanika. Raketi bado ninayo, na imezaa: zilifika raketi 14 chumbani. Mwenzangu wa chumbani, Mkenya mmoja mkorofi kwa utani, anasema nikifa wanizike nazo maana hakuna atakayezirithi.

Ngoja niwaeleze raha yake kidogo. Raketi hazitundikwi vizuri kama mashati. Ziko nyuma kabisa ya duka, zimetupwa kwenye pipa pamoja na fimbo za gofu, magongo ya barafu na miavuli. Lazima uiname, utoe moja moja. Nyingi ni za alumini za bei rahisi, za juzi tu. Halafu ghafla mkono unagusa mbao. Mshiko wa ngozi halisi, mkavu kama biltong. Moyo unapiga, wallahi. Mwenzangu anasema ni kama Gikomba belo linapofunguliwa alfajiri na wewe ndiye wa kwanza kuona ile wanayoiita kamera, yaani nguo ya daraja la kwanza.

Miezi mizuri ni Mei, wanafunzi wanapohama mabweni na kutupa kila kitu, na majira ya kuchipua, watu wanaposafisha nyumba zao. Mara nyingi nyuma ya raketi ya mbao kuna mzee aliyefariki au aliyehamia kwa watoto wake, na vitu vyake vikapakiwa kwenye maboksi na kupelekwa dukani. Kuna mpini mmoja nina nao una jina limeandikwa kwa kalamu ya wino. Sijui alikuwa nani. Alicheza sana lakini, maana ngozi imelika pale kidole gumba kinapokaa.

Sasa kabla hujanunua, kagua. Mbao ina adui wawili, unyevu na joto. Ndiyo maana zamani raketi ilihifadhiwa kwenye kibanio cha mbao chenye skrubu nne pembeni, isije ikapinda. Fumba jicho moja, iangalie kuanzia mwisho wa mpini kama seremala anavyokagua ubao. Au ilaze mezani, ukiona upande mmoja unanyanyuka, iache. Angalia nyufa mabegani, pale kichwa kinapoungana na shingo. Nyuzi zisikutishe, hizo hubadilishwa. Ila jua kwamba kuweka nyuzi mpya ni dola 20 na zaidi, na umwambie fundi asizikaze sana. Mbao kongwe ikikazwa kama raketi ya leo inapasuka mikononi mwake.

Ninazozipata zaidi ni Wilson zenye jina la Jack Kramer, yule Mmarekani aliyeshinda Wimbledon mwaka 1947. Zilitengenezwa nyingi mno, kwa hiyo si adimu. Ninayo pia Dunlop Maxply, aina iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1931 na kuchezewa na magwiji kama Rod Laver. Ninayo Wilson T2000 ya chuma, ile ya Jimmy Connors, iliyotoka mwaka 1967 kutokana na ubunifu wa Mfaransa René Lacoste (ndiyo, yuleyule wa fulana za mamba). Na ninayo Prince moja yenye kichwa kikubwa kama sinia. Hiyo ndiyo iliyoanza kuwafukuza wenzake. Mwaka 1976 Howard Head alileta raketi yenye uso wa inchi za mraba 110, wakati za mbao zilikuwa na kama 65 hadi 70 tu. Miaka miwili baadaye binti wa miaka 16, Pam Shriver, akafika nayo fainali ya US Open. Muda si mrefu mbao ikaanza safari ya kwenda kwenye pipa la mitumba.

Mtaniuliza, wewe mtoto wa Tanga, tenisi umeitoa wapi? Kwa baba. Mwishoni mwa miaka ya 70, akiwa mtoto, alikuwa akiokota mipira kwenye klabu moja ya mjini. Alilipwa senti tu, na soda siku nyingine. Mzee mmoja mchezaji akampa raketi ya mbao iliyokatika nyuzi. Baba akaenda kwa wavuvi, akapata mshipi wa kuvulia samaki, akasuka mwenyewe. Anasema mpira ulikuwa ukitoka hapo kama jiwe la manati. Hakufika popote na tenisi, lakini alicheza na ile raketi mpaka alipooa. Baadaye aliiacha kijijini juu ya kabati, mchwa wakaimaliza. Kila akiisimulia anacheka, ila mama hucheka kidogo tu, maana anajua.

Haya, sasa nije kwenye kinachonikera.

Jumamosi ile niliingia duka moja hapa jirani. Karibu na pipa la raketi kulikuwa na mama na mtoto wake wa kiume, miaka kama 10 hivi. Mtoto ameshika Jack Kramer, safi kabisa, bado kwenye kibanio chake. Dola 4. Anaizungusha hewani kwa mikono miwili, anajifanya anapiga mpira. Mama anafungua pochi, anahesabu. Akamwambia jambo, mtoto akairudisha kwenye pipa, wakaenda upande wa viatu. Nadhani walitaka kuona kwanza viatu vitakula kiasi gani.

Wadau, niliichukua. Sikungoja hata dakika. Nikatembea haraka hadi kwa mwenye mashine ya pesa kama mwizi wa kuku, ila mwizi mwenye risiti. Nikiwa mlangoni niligeuka nikamwona yule mtoto amerudi kwenye pipa, ameinama, anatafuta.

Nilipofika bwenini niliitundika ukutani, ya 14. Mwenzangu alipouliza nikamsimulia kama ushindi. Akanyamaza, halafu akasema: "Kwani wewe ulikuwa huna?" Nilikuwa nazo tatu za aina hiyo hiyo.

Nilijitetea, na wengine mtanitetea kwa hoja hizo hizo. Kwanza, sikuvunja sheria, kitu kikirudi kwenye pipa ni cha yeyote. Pili, raketi ya mbao ni nzito kwa mtoto. Ikiwa na nyuzi inafika gramu 370 hadi 400, wakati za watu wazima za leo nyingi ziko karibu na 300. Ingemchosha mkono tu. Hoja hii ya pili ni ya kweli kabisa, na ndiyo inayonichoma zaidi. Kwa sababu chini ya pipa lile nilikuwa nimeshaona raketi ndogo ya alumini, nyepesi, ya dola 2, inayomfaa hasa. Ningeweza kumwonyesha. Maneno manne tu: dogo, hii itakufaa zaidi. Ujuzi wote huu niliowamwagia hapo juu, wa nyufa na nyuzi na uzito, nilikuwa nao kichwani, na niliutumia kwa kunyamaza.

Ndipo nikakumbuka habari ya Yannick Noah. Mwaka 1971 Arthur Ashe, Mmarekani mweusi aliyeshinda US Open mwaka 1968, alikuwa ziarani Afrika. Akiwa Yaoundé, Kamerun, akamwona mtoto wa miaka 11 anavyocheza. Akampa raketi yake, na akawasiliana na wakubwa wa tenisi ya Ufaransa ili mtoto yule asaidiwe. Mwaka 1983 Noah alishinda ubingwa wa Ufaransa kwa kumfunga Mats Wilander. Raketi yake siku ile ilikuwa ya mbao, na inahesabiwa kuwa mara ya mwisho kwa mbao kushinda taji kubwa la wanaume mmoja mmoja. Sasa fikiria Ashe angekuwa mkusanyaji kama mimi. Angesema raketi hii ina kumbukumbu, ngoja niirudishe nyumbani niitundike.

Sisemi kila mtoto kwenye duka la mitumba ni Noah. Baba yangu hakuwa Noah. Lakini raketi moja mbovu ilimpa miaka kumi ya furaha, na mpaka leo ndiyo hadithi yake nzuri kuliko zote.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na najua kuna watakaonuna. Raketi ya zamani inayoweza kuchezewa, ichezewe. Wapo wanaozikata na kutia kioo pale penye nyuzi, eti urembo wa sebuleni. Kama imepinda au imepasuka, sawa, hiyo imeshakufa, ipambe unavyotaka. Lakini kuchukua nzima ukaitoboa nyuzi uweke kioo, mimi naona ni kama kumchinja ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya pembe. Wapo wanaonunua kwa dola 3 na kuuza mtandaoni kwa 40. Hao siwalaumu sana, kila mtu na riziki yake, na angalau raketi inafika kwa anayeitaka. Sisi wakusanyaji ndio wa kuangaliwa. Tunajiita watunzaji, kumbe wakati mwingine ni wachoyo tu wenye maelezo mengi.

Najua hoja ya upande wa pili. Mshikaji mmoja wa darasani, anayekusanya kamera za zamani, aliniambia: ukizichezea zitavunjika, na miaka 30 ijayo hakutakuwa na hata moja. Ana haki kwa zile adimu. Maxply yangu ninaitunza, siipeleki kwenye mvua. Lakini Jack Kramer ya nne? Hiyo simwokolei mtu historia yoyote. Hiyo ni tamaa tu.

Na sisi wa nyumbani tunapaswa kulielewa hili kuliko yeyote. Tumekulia kwenye mitumba. Shati la kwenda shule lilikuwa la mtu fulani asiyejulikana huku majuu, na hakuna aliyelitundika ukutani. Tulilivaa likaisha. Kitu cha mtumba kinapata heshima yake kwa kutumika mara ya pili, na ya tatu.

Basi nimejiwekea utaratibu. Aina moja, raketi moja. Ya ziada natafuta wa kuichezea. Tano nimeshazitoa: mbili kwa Wakongo fulani tunaosali nao, moja kwa mwenzangu wa chumbani (amegundua kwamba uwanja wa bustani ya mji ni bure na sasa ndiye ananigongea mlango Jumapili asubuhi), na mbili nimewaachia watoto wa jirani wa meneja wangu kazini, moja ikiwa ya alumini, nyepesi. Sita nimezibakiza. Tatu zilizosalia zinasubiri nyuzi mpya, mshahara ukitoka.

Ile Jack Kramer ya yule mtoto iko kati ya hizo tatu. Nimerudi dukani pale Jumamosi mbili mfululizo nikiwa nayo begani. Mwanzo mlinzi alinitazama vibaya, alidhani nimeiiba ndani. Sijamwona mtoto wala mama yake. Nimemwambia bibi wa kwenye mashine ya pesa, na amesema atanisaidia kuangalia. Ile ya alumini ya dola 2 nimeikuta bado iko chini ya pipa. Nimeinunua pia. Hiyo ndiyo raketi pekee mwaka huu niliyoinunua bila kuitaka.

Nilipompigia baba nikamweleza yote, alisema neno moja tu: "Mshipi wa samaki siku hizi ni nailoni nzuri, mwanangu, ukikosa hela ya nyuzi." Halafu akaniuliza kama naweza kumletea moja Desemba. Nitamletea. Nimemchagulia ile yenye jina la mtu asiyejulikana kwenye mpini.

Haya wadau, nimemaliza. Mlio karibu na mwenye mikono isiyo na raketi, Jumapili saa tatu asubuhi uwanja wa bustani, zipo za kuazima. Na wewe unayekusanya chochote, iwe viatu, saa au vitabu, hebu hesabu usiku huu: ngapi unazitumia, na ngapi umezinyang'anya tu? Nawasilisha.