MERS: ugonjwa wa ngamia unafundisha nini Kivu na Ituri?

Hakuna ngamia anayechungwa Masisi, Minembwe wala Mahagi. Ndiyo maana wakaaji wengi wa mashariki mwa Congo hawajali habari za MERS, ugonjwa wa kupumua unaoletwa na kirusi cha jamaa moja na kile cha Covid-19. Lakini ni makosa kusema kwamba hiyo ni shida ya Waarabu peke yao. Historia ya utafiti wa ugonjwa huo inaonyesha wazi kazi ambayo RDC inachelewa kufanya: kuchunguza magonjwa ya wanyama kabla hayajaingia katika hospitali.

Mwezi wa sita mwaka 2012, mgonjwa mwenye miaka 60 alifia hospitalini mjini Jeddah, Saudi Arabia. Mapafu na figo zake ziliacha kufanya kazi. Munganga Ali Mohamed Zaki, mtaalamu wa virusi kutoka Misri, alipima mafua na magonjwa mengine yanayojulikana, hakupata kitu. Hakuridhika. Alituma sampuli Rotterdam, Uholanzi, na huko ikathibitishwa kwamba ni kirusi kipya. Mwezi wa tisa alitangaza habari hiyo kwa waganga wa dunia nzima. Wakubwa wa Saudi Arabia walilalamika kwamba sampuli ilitoka inchini bila ruhusa yao. Malalamiko hayo yanaeleweka, lakini bila munganga huyo dunia ingechelewa kujua.

Swali lililofuata lilikuwa: kirusi kinatoka wapi? Wengi walifikiri popo. Mwaka 2013 watafiti walipima damu ya ngamia 50 wa Oman, na wote 50 walikuwa na alama za kukutana na kirusi hicho ao kingine kinachofanana nacho sana. Kisha wakafungua damu ya ngamia wa Somalia iliyowekwa kwenye baridi tangu mwaka 1983. Alama zilikuwemo. Kwa hiyo ugonjwa ulioitwa mpya ulikuwa umetembea katika ngamia wa Afrika kwa miaka karibu 30, bila mtu kuujua. Jibu lilikuwa ndani ya chupa ndogo za damu ambazo mtu mmoja alikuwa na akili ya kuzihifadhi.

Tangu wakati huo, MERS imepata watu zaidi ya 2,600 katika inchi 27, wengi wao Saudi Arabia. Kati ya watu kumi waliothibitishwa, watatu hadi wane walikufa. Mwaka 2015 msafiri mmoja aliyetoka Mashariki ya Kati aliingia nayo Korea ya Kusini. Alizunguka katika hospitali mbalimbali kabla ya kujulikana anaugua nini. Mwishowe watu 186 waligonjwa, 38 wakafa. Karibu wote waliambukizwa hospitalini: vyumba vilijaa, na jamaa walikaa karibu na kitanda kumuhudumia mgonjwa wao. Mtu wa Butembo ao Uvira hahitaji kuelezwa picha hiyo, maana garde-malade anayelala chini ya kitanda ni jambo la kila siku.

Kuna wanaosema utafiti juu ya ugonjwa mdogo ni kupoteza pesa. Covid-19 iliwajibu. Kundi la Sarah Gilbert wa chuo kikuu cha Oxford lilikuwa limekwisha kujaribu chanjo ya MERS kwa watu kabla ya mwaka 2020. Walipopata habari za kirusi kipya cha China, walitumia njia ileile, na chanjo ya AstraZeneca ikazaliwa. Chanjo za Pfizer na Moderna nazo zilitumia ujuzi uliopatikana kwa kuchunguza protini ya kirusi cha MERS. Lakini MERS yenyewe, hadi leo, haina chanjo iliyokubaliwa kwa watu. Hofu ikipungua, pesa nayo inapungua.

Congo inajua hasara ya kuchelewa. Mwaka 2018, sampuli kutoka Mangina zilipaswa kupelekwa Kinshasa ili Ebola ithibitishwe, na watu walikuwa wanakufa tayari kwa majuma kadhaa. Ugonjwa huo uliua watu 2,287 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na Kivu ya Kusini. Lakini Congo inajua pia faida ya kuhifadhi. Dawa ya mAb114, iliyosaidia kuokoa wagonjwa wa Beni na Butembo, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Baada ya Ebola hiyo ya mashariki, INRB ilipata labo yake Goma. Hiyo ni hatua ya kweli, si maneno ya mikutano tu.

Wengine watauliza: inchi yenye vita, wakimbizi, kolera na malaria, itapata wapi wakati wa kupima popo na mbuzi? Swali ni la haki. Lakini muuguzi anayejua kuchukua damu vizuri, friji isiyozimika na njia ya haraka ya kutuma sampuli vinatumika kwa kolera na mpox vilevile. Si mali ya ugonjwa mmoja.

Kinachobaki ni watu wanaokutana na wanyama kila siku: mfugaji, mwindaji, mama anayeuza nyama ya pori sokoni. Hao ndio wanaoona kwanza mnyama aliyekufa bila sababu. Ikiwa malipo ya kusema ukweli ni kunyang'anywa ngombe ao kufungiwa meza ya soko, watanyamaza, na hakuna labo itakayoweza kusikia ukimya wao. Serkali na wafadhili waweke fidia katika bajeti kabla ya kuomba habari. Wapeleke pia majibu ya vipimo kijijini kwa luga ambayo watu wanasikia, maana damu imechukuliwa mara nyingi mashariki bila mwenyewe kuambiwa kilichoonekana.

Ngamia wa Somalia walibeba siri yao karibu miaka 30. Misitu ya Ituri na Maniema inaweza kuwa na siri zake pia. Afazali zifunguliwe na Wakongomani wenyewe, mapema, kuliko kufunguliwa na kilio hospitalini.