Ufagio na Jembe

Watoto, mtakaporudi nyumbani leo, simameni kidogo mlangoni, mtazame kiwanja cha nyumba yenu, kile ambacho watu wa Katanga hukiita lupango. Mtaona nini? Katika nyumba nyingi mtaona udongo mtupu, umefagiwa vizuri tangu asubuhi, hauna hata jani moja. Wageni wakifika husifu: «Hapa pana usafi.» Kisha, saa kumi ya mchana, mama achukua kikapu na franka chache, aenda sokoni kununua fungu la lengalenga, nyanya tatu, na papai moja kwa ajili ya mtoto mgonjwa.

Mimi nasema jambo hili halina akili. Udongo unaoweza kuzaa mboga twaufagia, halafu twakwenda kununua mboga zilizoota katika udongo wa mtu mwingine. Usafi ni mzuri, sikatai. Lakini ufagio haujampikia mtu chakula hata siku moja. Naona ya kuwa kila nyumba yenye kiwanja yapaswa kuwa na bustani yake, hata kama ni ndogo, na ya kuwa kazi hiyo yafaa ianzwe na ninyi watoto, msiwangojee wakubwa. Sikilizeni sababu zangu, kisha mzipime wenyewe.

Tuanze na chakula. Wengi wetu twala bukari ya muhogo au ya mahindi kila siku. Bukari hushibisha tumbo na kutia nguvu ya kazi. Lakini unga wa muhogo una kitu kidogo sana cha kujenga mwili. Mtoto mdogo aliyeachishwa ziwa, akipewa bukari na mchuzi mwepesi siku zote, hudhoofika. Hukaa kimya, hataki kucheza. Miguu yake huvimba, nywele zake huwa nyepesi na kugeuka rangi. Watu wa Kivu waujua ugonjwa huo, nao wauita bwaki. Waganga wa hospitali wauita kwashiorkor. Umewaua watoto wengi wa nchi yetu, na hata leo haujakwisha. Mtoto aliyekwisha kuvimba apelekwe hospitali upesi, bustani peke yake haitamponya. Lakini nyumba yenye maharagi, karanga, mboga na kuku wachache hujikinga mapema, kabla ya ugonjwa kupiga hodi.

Tena fikirini jambo hili la ajabu. Mti wa muhogo una mizizi isiyojenga mwili, lakini majani yake yanaujenga! Sombe tunayoiona kuwa kitoweo cha maskini yashinda muhogo wenyewe kwa faida. Ila isiliwe mbichi, kwani ina sumu. Itwangwe vizuri na kupikwa muda mrefu. Papai lililoiva, embe, lengalenga na matembele vyasaidia macho. Mtoto asiyepata kamwe vyakula vya namna hiyo aweza kushindwa kuona vizuri jua likichwa, na akivikosa muda mrefu aweza hata kupofuka. Vyote hivi huota penye udongo ule ule tunaoufagia.

Lakini nasikia watu wakijibu. Wa kwanza asema: «Bustani karibu na nyumba huleta nyoka na mbu.» Nyoka hupenda majani marefu yasiyopaliliwa na marundo ya takataka, matuta yaliyopaliliwa hayampi mahali pa kujificha. Mbu huzaa katika maji yaliyotuama: katika mikebe ya zamani, matairi na vyungu vilivyovunjika. Basi ondoa mikebe, acha mboga. Na wewe unayekaa Bukavu, ambako nyumba zimejengwa mlimani, wajua vema jambo linalotokea mvua kubwa ikianguka juu ya udongo mtupu. Maji huuchukua udongo, huchimba korongo, na mwishoni korongo hufika chini ya ukuta wa nyumba. Mizizi ya miti na ya majani huushika udongo; ufagio huulegeza.

Wa pili asema: «Mti wa matunda hukawia mno. Nani atangoje miaka mitano?» Neno hili lina ukweli, kwa hiyo nalijibu kwa hesabu. Tuseme umepanda bustani yako mvua zinapoanza. Ukisia lengalenga, baada ya mwezi mmoja hivi waanza kuchuma. Na ukichuma vichwa vyake tu, bila kung'oa mashina, majani huota tena, nawe wachuma tena. Baada ya miezi mitatu wavuna maharagi. Mwaka ukitimia, au baadaye kidogo, mpapai na mgomba huzaa. Mwavoka na mwembe iliyoota kutoka mbegu huchukua miaka mitano, sita, hata zaidi. Waona basi ya kuwa hakuna anayengoja na njaa. Mboga hutulisha tunapoungojea mpapai, na mpapai hutulisha tunapoungojea mwavoka. Mtoto wa mwaka wa kwanza akipanda mbegu ya avoka leo, karibu na kumaliza mwaka wa sita aweza kula tunda lake, na mti huo utawalisha wadogo zake baada yake. Lakini asiyepanda leo, miaka sita itapita vilevile, naye atakuwa bado mbele ya udongo mtupu.

Wa tatu asema: «Nyumba si yetu, tumeipanga. Kwa nini tumpandie mwenye nyumba miti?» Mtu huyu simlaumu. Katika miji mikubwa, watu wengi wakaa katika nyumba za kupanga. Yeye na apande vitu vya upesi: lengalenga, nyanya, vitunguu, pilipili. Hata gunia la zamani lililojazwa udongo na mbolea, au ndoo iliyotoboka, huzaa mboga, na siku ya kuhama hubebwa. Lakini nampa shauri moja: akipata ruhusa, apande na mpapai mmoja. Hata kama atahama kabla haujazaa, mtoto fulani atakula. Na labda katika nyumba anayohamia atakuta mti uliopandwa na mtu mwingine aliyehama.

Sasa nafika kwenye neno gumu kuliko yote. Wako wanafunzi wanaosema: «Mimi nasoma. Jembe ni la wale wasiosoma.» Neno hili halikuanza kwa watoto, walilisikia kwa wakubwa, na wakubwa walikuwa na sababu. Yafaa mzijue.

Katika karne ya 19, wafanya biashara waliotoka pwani ya mashariki walifika Maniema, wakajenga miji kama Nyangwe na Kasongo. Walikuwa wakulima hodari. Askari wa serikali ya Léopold walipoingia Kasongo mwaka 1893, walikuta ghala zimejaa mpunga, na pande zote machungwa, makomamanga, mananasi na ndizi. Lakini kazi ya mashamba yale ilifanywa na watumwa. Baadaye, mwaka 1917, serikali ya Wabelgiji ilitoa amri ya kuwalazimisha wanaume wa vijijini kulima mazao iliyoyataka, siku 60 kila mwaka. Wakati wa vita kuu ya pili, mwaka 1942, siku hizo zilifikishwa 120. Pamba ilikuwa mojawapo ya mazao hayo, na pamba hailiwi. Asiyelima alitozwa faini au alifungwa. Bei ya pamba hakuipanga mkulima.

Basi mzee akikuambia: «Soma sana, mjukuu wangu, usishike jembe kama mimi,» usimcheke. Akumbuka jembe alilolazimishwa baba yake kulishika kwa faida ya watu wengine. Lakini jembe la nyuma ya jiko ni jambo tofauti kabisa. Hakuna aliyekuamuru. Hakuna mnunuzi anayekupangia bei. Lengalenga yako yaingia katika chungu cha mama yako, na mdogo wako aila jioni ile ile. Tena kazi hii yataka akili ya shule: kuhesabu siku, kupima nafasi, kuandika ni mbegu ipi iliyoota na ipi iliyokufa. Aliyesoma alima vizuri kuliko asiyesoma, akikubali tu kuchafua mikono.

Kwa sababu hiyo nasema wazi jambo moja kuhusu shule pia. Mahali pengine mtoto aliyechelewa au aliyepiga kelele hutumwa kupalilia bustani ya shule, iwe adhabu yake. Haifai. Kwa namna hiyo twamfundisha ya kuwa udongo ni gereza. Mtoto mkaidi apewe adhabu nyingine, na bustani wapewe wale wanaoitaka, na matunda yake wayale wote waliofanya kazi.

Sasa kazi yenyewe. Sitaandika mengi, kwa kuwa mikono hufundisha kuliko maneno.

Chimbeni kwanza shimo la mbolea pembeni ya kiwanja. Tieni humo maganda ya ndizi na ya mihogo, majani makavu, majivu kidogo, mavi ya kuku na ya mbuzi. Msitie chupa wala nailoni. Baada ya miezi michache takataka itageuka udongo mweusi, mwepesi, usionuka vibaya. Huo ndio chakula cha bustani.

Kwa mti, chimbeni shimo lenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60. Wekeni udongo wa juu upande mmoja na ule wa chini upande mwingine. Mkipanda, rudisheni kwanza udongo wa juu uliochanganywa na mbolea, kwani huo ndio wenye nguvu. Kiwanja kidogo chatosha mti mkubwa mmoja tu, mwembe au mwavoka, nao uwe mbali na ukuta, hatua nane au zaidi. Mgomba upandwe penye maji ya kuoshea vyombo, kwa kuwa hupenda kunywa. Mipapai mingine ni dume: hutoa maua mengi bila kuzaa. Kwa hiyo pandeni miche mitatu katika shimo moja. Maua yakitokea, acheni ule wenye kuzaa na kukata mingine. Dume mmoja watosha kwa mipapai mingi. Zungushieni miche ua wa miti au wa matete, la sivyo mbuzi wa jirani atavuna kabla yenu.

Wakati mzuri wa kupanda miti ni mwanzo wa mvua: karibu na mwezi wa Septemba kwa watu wa Bukavu, na Novemba kwa watu wa Lubumbashi. Na ninyi mnaokaa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, sikieni onyo: msilime penye mchanga wa takataka za viwanda vya madini, wala msimwagilie mboga maji ya mto yanayotoka huko, kwani sumu ya madini huingia katika majani na mtu haioni.

Jambo la mwisho. Bustani ikizaa vizuri, watu wengine huuza yote, na watoto wa nyumba hurudia bukari na chumvi. Najua franka zatakiwa kwa sabuni na kwa daftari, wala siwakatazi watu kuuza. Lakini ningependa desturi hii ishikwe katika kila nyumba: chungu kwanza, soko baadaye. Mapapai matatu yakiiva, moja lisitoke nje ya kiwanja. Na lile moja aanze kulila mtoto mdogo, kisha wengine.

Basi leo jioni, baada ya kufagia, mwombe mama kipande cha kiwanja, hatua nne kwa hatua moja. Hatakunyima. Pima, lima, sia mbegu, mwagilia kila jioni jua likipungua. Na mtu akikuuliza kwa nini mwanafunzi ashika jembe, mjibu kwa adabu, kisha mwezi ujao mpelekee fungu la lengalenga.

Maulizo

1. Kwa nini haifai kula bukari bila maharagi wala mboga kila siku?
2. Mtu aliyepanga nyumba aweza kulima nini, na kwa namna gani?
3. Kwa nini wazee wengine hawalipendi jembe? Waulize wazee wa kwenu, kisha uandike majibu yao.
4. Mwandishi asema: «Chungu kwanza, soko baadaye.» Je, wakubali? Toa sababu zako.
5. Pima kiwanja cha nyumba yenu kwa hatua. Kichore, ukionyesha mahali utakapopanda mti, mgomba na mboga.